Kombania mbili mbele ya divisheni: uchambuzi wa kisa cha barabara ya Raate, 1939–1940

Kwa nini kisa hiki

Ukisoma habari za askari wa Kifini na vita vyao, picha ya kwanza utakayopewa ni ya mtu aliyevaa nguo nyeupe juu ya skii (mbao ndefu za kutelezea thelujini), anachomoza msituni kama jini, anapiga, anapotea. Picha hiyo si ya uongo. Tatizo lake ni kwamba inafanya ushindi uonekane kama zawadi ya theluji, wakati theluji ilianguka pande zote mbili.

Mimi nimelichukua tukio hili kwa ajili ya swali moja dogo. Katikati ya Desemba 1939, kwenye barabara nyembamba mashariki mwa Ufini, kombania mbili zenye askari wasiozidi 350 zilikaa mbele ya divisheni ya Jeshi Jekundu yenye watu wapatao 14,000, pamoja na vifaru na mizinga yake. Divisheni ile ikasimama, na haikusimama kwa siku moja tu. Wiki zilipita. Kwa nini?

Askari wa kawaida na maofisa wa chini sikuwataja kwa majina. Kapteni aliyeongoza kizuizi ataitwa kapteni. Makamanda wakuu wa pande zote mbili wamo katika historia iliyo wazi, hivyo nimewaacha na majina yao.

Mazingira

Muungano wa Kisovieti uliivamia Ufini Novemba 30, 1939. Macho ya makao makuu ya Marshal Mannerheim, amiri jeshi mkuu wa Ufini, yalikuwa kusini, kwenye shingo ya nchi ya Karelia, kati ya Ghuba ya Ufini na ziwa Ladoga. Huko ndiko ilikokuwa ngome, na huko ndiko kila mtu alikotarajia pigo. Kutoka Ladoga kupanda kaskazini kulikuwa na misitu, maziwa na vijiji vilivyotawanyika, na Wafini walihesabu kwamba jeshi kubwa halitapita njia hiyo.

Likapita. Jeshi la 9 la Kisovieti lilipewa kazi ya kuikata Ufini kiunoni, kutoka mpakani hadi mji wa Oulu kwenye Ghuba ya Bothnia. Kwenye ramani mpango ule ulikuwa mzuri, kwa sababu hapo ndipo nchi inapobana. Kwenye ardhi, kila gari, kila mzinga na kila gunia la mkate lilipaswa kupita kwenye barabara mbili tatu za udongo zilizozungukwa na misonobari.

Divisheni ya 163 ndiyo iliyotangulia. Iliingia kwa njia mbili, moja ya kaskazini kupitia Juntusranta na nyingine ya mashariki kupitia kijiji cha Raate. Desemba 7 ilikiteka kijiji cha Suomussalmi, yaani iliteka majivu. Wafini walikuwa wamezichoma nyumba zao wenyewe kabla ya kuondoka. Mahali ambapo usiku nyuzi zinashuka hadi 30 chini ya sifuri, paa ni silaha, na hawakutaka kumwachia adui.

Siku chache baadaye alifika kamanda wa Kifini Hjalmar Siilasvuo na Rejimenti ya Miguu ya 27. Alikuwa mmoja wa vijana wa Kifini waliofunzwa uanajeshi Ujerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Watu wake wengi walikuwa askari wa akiba wa kaskazini, wakulima na wakata magogo. Hawakuwa na mzinga hata mmoja, wala silaha ya kupigia vifaru. Hata sare hazikutosha. Siku hizo Wafini walikuwa na utani wa uchungu: walisema fulani kavaa "mtindo wa Cajander", kwa jina la waziri mkuu aliyeondoka madarakani vita vilipoanza. Mtindo wenyewe ulikuwa bunduki, mkanda na kibandiko cha kofia kutoka serikalini. Koti, suruali na viatu ulitoka navyo nyumbani.

Lakini viatu hivyo vya nyumbani vilikuwa na faida yake. Vingi vilikuwa vya ngozi vyenye ncha iliyokunjwa juu kama pua ya mtumbwi. Ncha ile huingia kwenye kitanzi cha skii na kutoka bila kuinama wala kufungua kamba. Mtu anaruka chini, anapiga risasi akiwa amelala kifudifudi, kisha anarudisha miguu kwenye vitanzi na kwenda zake. Kwa mkata magogo jambo hilo halikuhitaji mafunzo. Ndivyo alivyokuwa akienda kazini.

Mfuatano wa matukio

Desemba 11 Siilasvuo aliikata barabara ya Raate, mashariki mwa kijiji. Hapo Divisheni ya 163 ikapoteza njia yake fupi ya ugavi, ingawa ile ya kaskazini ilibaki wazi. Nguvu kubwa aligeuza kuelekea kijijini. Kuelekea mpakani, ambako hakukuwa na kitu bado, aliacha kombania mbili za kapteni.

Mahali pa kizuizi palichaguliwa kwa jicho la mtu anayejua msitu. Barabara inapita kwenye mgongo wa ardhi kati ya maziwa mawili, Kuivasjärvi na Kuomasjärvi, kama kilomita 10 kutoka kijijini. Anayekuja kutoka mashariki hana uwanja wa kujitanua: mbele yake kuna mgongo mwembamba, kulia na kushoto kuna barafu iliyo wazi ambayo mtu akiikanyaga anaonekana kama nzi kwenye maziwa. Kwa hiyo hata ukiwa na rejimenti tatu, wanaoweza kupigana kwa wakati mmoja ni wale wachache walio mbele. Wengine wote nyuma yao wanasubiri tu.

Siku chache baadaye wageni walianza kufika. Ilikuwa Divisheni ya 44, ya Waukraine, chini ya Kombrigi (cheo cha Kisovieti, kamanda wa brigedi) Alexei Vinogradov. Ilishuka kwenye treni Kem, karibu na Bahari Nyeupe, ikatembea zaidi ya kilomita 200 hadi mpakani. Ilifika vipande vipande, batalioni leo, mizinga kesho, majiko keshokutwa. Askari wake walitoka kwenye nchi tambarare ya nafaka. Wengi hawakuwahi kukanyaga skii, na hata skii zilizokuwapo zilibaki ndani ya malori.

Kichwa cha safu kilipogusa kizuizi kilirushiwa risasi, kikarudi nyuma, kikajaribu tena, kikarudi tena. Wakati huohuo, kilomita chache magharibi, Siilasvuo aliendelea kuibana Divisheni ya 163 na kupokea msaada kidogokidogo. Desemba 16 ilifika betri ya kwanza ya mizinga, minne, ya muundo wa mwaka 1902. Desemba 18 ikaja ya pili. Desemba 22 ikaja mizinga miwili ya kupigia vifaru. Ndiyo, miwili. Fikiria kwamba hadi siku hiyo kapteni alikaa mbele ya divisheni yenye vifaru, na nyuma yake hakukuwa na kitu cha kuvipigia.

Desemba 23 ilitokea hatua ambayo mimi naiona kuwa moyo wa kisa kizima. Divisheni ya 44 ilikuwa ikijiandaa kusukuma ili iungane na ya 163. Siilasvuo hakusubiri. Aliongeza nguvu kidogo, akaamuru Wafini washambulie wao. Kikosi kidogo kikazunguka msituni na kuipiga batalioni ya mbele ubavuni. Kwa hesabu ya karatasi ulikuwa mchokoo tu. Kwa Vinogradov ulikuwa uthibitisho kwamba mbele yake na kandokando yake kuna jeshi kubwa. Divisheni ya 44 ikaahirisha shambulio lake na kuendelea kuchimba mashimo pale ilipo.

Desemba 27 Wafini walianza shambulio la mwisho dhidi ya Divisheni ya 163. Desemba 28 sehemu kubwa yake ilikimbia kuelekea kaskazini mashariki juu ya barafu ya ziwa Kiantajärvi. Sasa Siilasvuo aligeuka. Kufikia wakati huo askari wake wote katika eneo hilo walikuwa takriban 11,500.

Usiku wa kuamkia Januari 2 batalioni moja ilikata barabara karibu na Haukila, nyuma ya vikosi vya mbele vya Divisheni ya 44. Utaratibu wao unastahili kutazamwa kwa karibu. Walikwenda kwa skii gizani hadi mita mia kadhaa kutoka barabarani. Bombomu zikapangwa kwanza, pembe ya kulia na pembe ya kushoto. Kisha kombania mbili zikaivamia barabara bega kwa bega, na zilipoifikia moja ikageukia mashariki, nyingine magharibi, zikisafisha kama mita 500 za barabara. Nyuma yao wakaja wahandisi, wakaangusha miti na kutega mabomu kila upande. Kazi ilipokwisha, mahali palipokuwa barabara palikuwa na ukuta. Asubuhi Wasovieti walijaribu kuufungua kwa vifaru. Ile mizinga miwili iliyofika Desemba 22 ilikuwa tayari imevutwa hadi pale kwa njia ya msituni, na vifaru vikazuiwa.

Januari 5 lilikuja pigo kuu, sehemu kadhaa za barabara kwa pamoja, hadi karibu na mpaka. Usiku wa Januari 6, saa tatu na nusu, Vinogradov aliamuru watu wake waache vifaa vizito na watoke kila mtu kwa njia yake. Kufikia Januari 8 barabara ilikuwa kimya.

Maamuzi, na sababu zake

*Kwanza huyu, kisha yule.* Siilasvuo alikuwa na maadui wawili, na kila mmoja peke yake alimzidi. Angeweza kugawa jeshi lake nusu kwa nusu, kama ambavyo mtu mwoga wa lawama angefanya. Hakugawa. Aliweka karibu kila kitu upande mmoja, akaacha upande wa pili uzibwe kwa kifuniko chembamba kabisa. Ulikuwa uamuzi wa hatari. Kama Divisheni ya 44 ingesukuma kwa dhati tarehe 15 au 18 Desemba, watu 350 wasingeizuia kwa muda mrefu, na Wafini wangejikuta wamebanwa kati ya divisheni mbili. Wanaousifu uamuzi huu leo wanajua mwisho wa hadithi. Yeye hakuujua.

*Kushambulia kwa ajili ya kujificha.* Kapteni hakukaa kwenye mahandaki akingoja. Alituma doria kwenye ubavu wa adui, usiku hasa. Mchana katika Desemba ya huko ni kama saa nne tu, na msitu unaficha kila kitu kisionekane kutoka angani. Adui alibaki kuhesabu milio. Mlio ukitoka kusini leo na kaskazini kesho, na skii zimechora mistari kila mahali kwenye theluji, hesabu inakua yenyewe.

*Moto ni zamu ya kazi.* Wafini walilala katika mahema ya watu 20. Katikati kulikuwa na jiko la kuni, chini matawi ya msonobari yaliyotandikwa kama mkeka, na miguu yote imeelekezwa jikoni. Kila usiku mtu mmoja alibaki macho kulisha moto. Zamu hiyo ina jina lake Kifini, kipinämikko, kama kusema "Mikko wa cheche". Kazi yake ni kuongeza kuni, kuangalia cheche zisiunguze hema, na kumwamsha anayefuata. Naitaja kwa sababu kwenye vitabu vya vita hupewa nusu mstari, ilhali bila huyo Mikko shambulio la usiku wa Januari 2 lisingekuwapo. Batalioni ilipigana barabarani kwa muda, ikarudi kwenye mahema, ikala chakula cha moto, ikalala, ikarudi. Mkabala nao, kwenye barabara ileile, watu walilala chini ya malori au kuzunguka moto wa wazi, na aliyekaa mwangani alionekana na mdunguaji aliyeko gizani.

Wafini waliligundua jambo hilo mapema na kulitumia bila huruma. Majiko ya jeshi yanayovutwa na farasi yakawa shabaha ya kwanza, mbele hata ya maofisa. Ukivunja jiko, watu mia kadhaa hawapati supu kesho.

*Barabara ya siri.* Kuishambulia safu iliyotandazwa zaidi ya kilomita 20 kulihitaji kufika ubavuni mwake pamoja na mizinga, risasi na chakula. Wafini walifungua barabara ya majira ya baridi kusini mwa ile ya Raate, ikifuata maziwa yaliyoganda. Watu wa skii walitangulia kushindilia theluji, farasi na sleji wakafuata, na njia ikagandishwa na baridi mpaka ikabeba mizigo. Ilikuwa ni maarifa ya wavuta magogo, na jeshi liliyaazima.

*Kukatakata.* Neno motti ndilo watu wengi hulikumbuka kutokana na vita hivi. Kwa Kifini motti ni kipimo cha kuni: magogo yaliyokatwa na kupangwa, mita moja ya ujazo, yakingoja kubebwa. Aliyewahi kununua kuni kwa rundo anaelewa mara moja. Safu ndefu ya adui hukatwa vipande kama gogo, kila kipande huachwa kimekaa peke yake, na mkataji hurudi kukibeba kwa wakati wake, akianza na kidogo.

Matokeo

Divisheni ya 44 haikuwapo tena kama kikosi cha kupigana. Taarifa za upande wa Kisovieti wenyewe, kwa siku saba za mwanzo wa Januari, zilihesabu zaidi ya watu 4,600 waliokufa, kujeruhiwa au kupotea. Makadirio ya Wafini yalikuwa ya juu mara kadhaa, na mimi ningeshauri msomaji ayapokee kwa tahadhari: mshindi anayehesabu maiti chini ya theluji ya magotini hana sababu ya kukadiria chini. Kuhusu vifaa hakuna ubishi mkubwa. Wafini waliokota vifaru 43, mizinga ya medani ipatayo 70 na farasi zaidi ya 1,100. Kwa jeshi lililoanza mapigano haya bila mzinga, hiyo ilikuwa ghala.

Gharama ya Wafini kwa mapigano yote ya Suomussalmi ilikuwa takriban 900 waliouawa na 1,770 waliojeruhiwa.

Vinogradov alifika upande wa pili akiwa hai. Januari 11, 1940, yeye, mnadhimu wake mkuu na kamisaa (afisa wa siasa) wa divisheni walipigwa risasi mbele ya askari wao wenyewe waliosalia.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Turudi kwenye swali la mwanzo. Jibu la haraka ni kwamba Vinogradov alidanganyika, na ni kweli. Lakini kudanganyika kwake kulikuwa na msaada mkubwa kutoka kwa hali aliyokuwamo, na hapa ndipo wachambuzi wengi wanamwonea.

Tazama alichokuwa nacho siku anafika. Divisheni yake haikuwa divisheni bado, ilikuwa foleni. Batalioni ya mbele ilikuwa imegusa adui wakati mikia yake bado inatembea kutoka Kem. Hakuwa na watu wa skii wa kutuma msituni kuhesabu. Ndege hazikuona kitu. Alijua kwamba mbele yake Divisheni ya 163, sawa na yake, imeshindwa kusonga, na mtu yeyote mwenye akili angehitimisha kwamba kinachoizuia divisheni moja ni nguvu ya divisheni. Kwa taarifa alizokuwa nazo, kusimama na kujikusanya halikuwa jambo la kijinga. Kosa lake lilikuja baadaye, pale aliposimama na kuendelea kusimama bila kutanguliza watu ubavuni, akiiacha safu imelala barabarani kama nyoka aliyeshiba. Na hata hapo, tangu hali ilipoharibika mwanzoni mwa Januari, alikuwa akiomba ruhusa ya kurudi nyuma, na ruhusa ilichelewa juu.

Kwa hiyo kizuizi cha kapteni kilifanya kazi kwa sababu tatu zilizokutana: mahali ambapo wingi wa adui haukuwa na faida, adui asiyeweza kuacha barabara, na doria ambazo zilimpa adui huyo habari za uongo kila usiku. Ondoa moja kati ya hizo na watu 350 wanabaki kuwa watu 350.

Mpangilio wa Siilasvuo wa kummaliza mmoja kwanza ndio uliogeuza muda huo kuwa ushindi. Kizuizi kingeweza kushikilia mwezi mzima na bado kisingefaa kitu kama nyuma yake hakuna aliyekuwa akiutumia muda. Na shambulio la Desemba 23 linaonyesha kwamba alijua hasa anachonunua. Hakutaka kuishinda Divisheni ya 44 siku hiyo. Alitaka isimsumbue kwa juma moja.

Kuhusu ushujaa sina la kuongeza, ulikuwapo pande zote. Waukraine wale waliokatwa vipande kwenye barabara, bila chakula, walipigana kwa siku kadhaa kutoka kwenye mashimo yao. Hilo husahauliwa.

Uchambuzi: kilichoshindikana

La kwanza, Divisheni ya 163 iliponyoka. Ilipoteza watu na vifaa vingi, lakini haikumalizwa. Barafu ya Kiantajärvi ilikuwa mlango ambao Wafini hawakuwa na watu wa kuufunga.

La pili ni la raia, na katika masimulizi ya ushindi hupita kimyakimya. Wakazi wa vijiji vilivyokuwa karibu na mpaka hawakuhamishwa kwa wakati. Wengi walijikuta nyuma ya mistari ya Kisovieti, wakapelekwa kambini upande wa pili wa mpaka, na kurudi baada ya vita. Nyumba zilizochomwa Suomussalmi zilikuwa za watu. Uamuzi uleule wa kuchoma ninaouhesabu kuwa wa busara kijeshi uliwaacha wenye nyumba hizo bila pa kurudi katikati ya majira ya baridi.

La tatu ni uchovu. Rejimenti ya 27 ilipigana karibu mwezi mzima bila kupumzishwa vya kutosha. Mahema na supu vilipunguza uchovu huo, havikuuondoa. Kila walipomaliza kipande kimoja, kilikuwapo kingine, na mwishoni mwa Januari wakaambiwa kuna divisheni nyingine kusini kidogo.

Hapo ndipo funzo la Raate lilipopimwa. Siilasvuo yuleyule, wengi wa watu walewale, walipelekwa Kuhmo kuikabili Divisheni ya 54. Walifanya kila kitu kama walivyojua: barabara ya majira ya baridi, kukata safu, kuvizia majiko. Safu ilikatika vizuri tu. Lakini kamanda wa huku alikuwa amejifunza, au pengine alikuwa tu mtu wa tabia nyingine. Vikosi vyake vilichimba chini, vikafunika mahandaki kwa magogo, vikaweka mizinga ielekee pande zote, na ndege zikawa zinadondosha chakula na risasi. Brigedi ya skii iliyotumwa kuwaokoa ilisambaratishwa na Wafini msituni, kwa hasara kubwa. Vipande vyenyewe havikuvunjika. Ili kuvunja handaki la magogo unahitaji mizinga mizito na risasi nyingi, na hivyo ndivyo Ufini ilivyokosa tangu mwanzo. Kuni zilikatwa, zikapangwa, ila wa kuzibeba hakuwa na nguvu.

Na wakati Siilasvuo anahangaika Kuhmo, vita vilikuwa vinaamuliwa kwingine. Februari 11 ngome za shingo ya Karelia zilivunjwa huko Summa. Mkataba wa amani uliotiwa saini Moscow ulichukua sehemu ya kusini mashariki ya nchi, na zaidi ya watu 400,000 walihama makwao. Machi 13, 1940, saa tano asubuhi, bunduki ziliponyamaza, Divisheni ya 54 ilikuwa bado imo ndani ya motti zake.